Mtoto Amewashinda Nyumbani na Shuleni? Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tiba ya Tabia Nairobi

Mzazi akiitwa shuleni mara ya tatu kwa muhula mmoja, ushauri humjia kutoka kila upande. Jirani atasema mchape. Shangazi atasema mpeleke ushago akakae na nyanya yake. Wa kanisani atasema aombewe. Mwalimu atasema, "Mzazi, tafuta msaada." Mwalimu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ila mara nyingi huishia hapo. Hasemi msaada wenyewe uko wapi, unatolewa na nani, unagharimu kiasi gani, wala mkishafika huko ni nini kitakachofanyika. Hayo ndiyo nitakayoeleza hapa, kwa mzazi au mlezi wa Nairobi mwenye mtoto wa kati ya miaka 3 na 17.

Kuna jambo moja nataka ulishike tangu sasa, kwa sababu wazazi wengi hupoteza pesa na miezi kwa kutolijua. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya tiba ya tabia hufanywa na mtu mzima anayeishi naye. Mtaalamu hufundisha na kusahihisha. Kazi yenyewe hufanyika nyumbani, jioni, kati ya homuweki na chakula. Mzazi anayempeleka mtoto kama anayepeleka gari gereji, akakaa benchi nje kungoja litengenezwe, hurudi na mtoto yule yule.

Ni utundu wa kawaida au ni zaidi?

Mtoto wa miaka miwili na nusu anayejitupa chini supamaketi kwa kunyimwa biskuti anafanya yale yale yanayofanywa na watoto wa umri wake. Msichana wa miaka 14 anayejibu kwa mkato na kufunga mlango kwa kishindo, naye hayuko mbali na wenzake. Anza kuwa na wasiwasi ukiona mambo matatu yamekutana: tabia imedumu kwa miezi, imezidi ya watoto wa rika lake, na kuna kitu inakiharibu, iwe ni masomo, urafiki, usalama au amani ya nyumba.

Wataalamu nao huangalia muda. Kwa ukaidi uliokithiri, na kwa ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, dalili zinapaswa kuwa zimedumu angalau miezi 6. Kwa ADHD huongeza masharti mawili: dalili ziwe zilianza kuonekana kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya mahali pamoja. Hilo sharti la mahali linakusaidia hata wewe usiye daktari. Mtoto anayesumbua shuleni pekee, na nyumbani ni mtulivu, kwanza chunguza shule: huenda hajui kusoma na anaficha aibu, au kuna mkubwa anayemnyanyasa chooni. Anayesumbua nyumbani pekee, chunguza nyumba. Hapa wengi huudhika, lakini mtoto huona ugomvi wa wazazi, pombe ya baba, msiba ambao hakuna aliyemweleza, hata kodi ya miezi miwili ambayo haijalipwa.

Mambo yasiyongoja miadi

Mtoto akibadilika ghafla, akaanza tena kukojoa kitandani, akamwogopa mtu fulani, au akaonyesha kujua mambo ya ngono yasiyo ya umri wake, usianze kutafuta tiba ya tabia. Chukulia kwamba huenda kuna aliyemdhuru. Piga 116, laini ya taifa ya watoto, ambayo ni bure. Kama kuna dalili ya kunajisiwa, mfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya muda huo tu. Usimwogeshe, na nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Nairobi Women's ina kituo maalumu cha kazi hii tangu 2001, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta pia huwahudumia.

Mtoto akisema anataka kufa, mchukulie kwa uzito hata kama alitamka kwa hasira. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Ondoa nyumbani dawa ya panya, dawa ya wadudu na vidonge vyote, usimwache peke yake, kisha nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri bure kwa simu. Kuna wazazi wanaoficha jambo hili kwa kuogopa polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mpeleke mtoto hospitali.

Hatua ya kwanza: daftari la wiki mbili

Kabla ya kulipa senti kwa mtu yeyote, nunua kijitabu kidogo. Kila kisa, andika mambo manne: saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Andika pia saa aliyolala. Acha maneno kama "kiburi" na "kichwa ngumu"; andika kile ambacho kamera ingekiona. Chukua mfano wa mvulana wa miaka 7. Daftari la mama yake lingeweza kusomeka hivi:

*Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimemwambia azime TV akaoge. Nimesema mara tano, ya mwisho kwa kupiga kelele. Amerusha rimoti. Nilikuwa nimechoka, nikamwacha amalizie katuni. Ameoga saa mbili.*

*Alhamisi, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Amekataa kuvaa viatu. Gari la shule linapiga honi. Nimemvalisha mwenyewe huku analia. Jana alilala saa nne.*

*Jumamosi, mchana. Amecheza na binamu yake saa mbili nzima bila ugomvi. Nilikuwa nafua.*

Soma tena kisa cha Jumanne. Mtoto amejifunza kwamba maagizo manne ya kwanza hayana uzito, na kwamba ukirusha rimoti unabakishiwa katuni. Mama naye amejifunza kwamba akinyamaza, kelele zinaisha. Kila mmoja anamzoesha mwenzake, na kila siku kiwango kinapanda. Mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake huko Oregon, Marekani, walitumia miaka mingi kuuchunguza mtego huu katika nyumba za watu, na mafunzo mengi ya wazazi yanayotolewa leo yana mizizi katika kazi hiyo. Kisa cha Alhamisi kinahusu usingizi zaidi ya ukaidi. Na Jumamosi, ambayo mama aliiandika kama kitu cha kupita, ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mtoto anaweza. Kwa saa mbili alifanya yote anayoombwa kufanya, na hakuna aliyemwambia hata "vizuri".

Daftari hili ndilo litakalompa mtaalamu picha ambayo maswali ya kikao kimoja hayawezi kuitoa.

Hatua ya pili: mwili kwanza

Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Masikio yanayotoa usaha kila msimu wa baridi yanaweza kupunguza usikivu, na mtoto akiitwa mara tatu bila kujibu tunasema ana dharau. Asiyeona ubao hupiga gumzo na wenzake. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Mtoto huganda kwa sekunde chache, macho yakikodoa, kisha anaendelea, na mwalimu anaandika "haoni umuhimu wa masomo". Upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu na kukosa utulivu, na mara nyingine mtoto wa aina hii hupenda kula udongo au mawe. Haya yote huanzia kituo cha afya cha mtaani au kwa daktari wa watoto. Omba apimwe masikio, macho na damu.

Wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora, au karibu na watu wanaoyeyusha betri, wamwambie daktari hivyo bila kusubiri kuulizwa. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotolewa 2007, ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi huathiri ubongo unaokua. Huweza kushusha uwezo wa kujifunza na kuongeza hasira na pupa.

Kisha usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Hapa Nairobi kuna watoto wanaochukuliwa na gari la shule kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wanarudi jioni kwa sababu ya foleni, wanafanya homuweki hadi saa tatu, na wanalala saa nne. Hesabu mwenyewe. Kwa baadhi yao, kulala saa nzima mapema kuliko kawaida kwa mwezi mmoja hubadilisha mengi. Anza na hilo huku ukitafuta miadi.

Hatua ya tatu: shule

Usiende kujitetea, na usiende kugombana. Mwombe mwalimu wa darasa akuambie ni saa ngapi hasa tatizo hutokea, katika somo gani, nani huwa yuko karibu, na yeye hufanya nini baadaye. "Anasumbua kila wakati" haitoshi; karibu kila mara kuna mtindo. Muone pia mwalimu wa ushauri nasaha. Ukishuku kwamba mtoto ana shida ya kusoma, usonji au kuchelewa kukua, ulizia kituo cha serikali cha upimaji wa kielimu katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Vituo hivi, maarufu kwa herufi EARC, vilianza 1984. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, nayo ina kituo kikubwa cha upimaji. Ripoti yake itakufaa hata miaka ya baadaye, kwa mfano kuombea mtahiniwa muda wa ziada katika mitihani ya KNEC.

Jua pia haki za mtoto wako. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina na adhabu isiyo ya kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwalimu mkuu kumfukuza mtoto kiholela: njia nyingine zote za kumrekebisha ziwe zimejaribiwa, na mtoto na mzazi wawe wamesikilizwa. Sema hivyo kwa adabu, na uombe kila uamuzi kwa maandishi.

Hatua ya nne: jua unamtafuta nani

Mshauri nasaha husikiliza na kuelekeza. Wengine wamesomea kazi ya watoto, wengine hawajasomea. Mwanasaikolojia wa kliniki amesoma zaidi, anaweza kupima na kutoa tiba ndefu, lakini haandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea huko. Anatambua ugonjwa na anaweza kuandika dawa. Mtaalamu wa usemi atahitajika kama mtoto anapiga kwa sababu hana maneno ya kusema anachotaka, jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Pia kuna wataalamu wa tiba ya utendaji, wanaowasaidia watoto wasiostahimili kelele au kuguswa, au walioshindwa kushika kalamu.

Nairobi ina mabango mengi na vyeti vingi ukutani. Washauri na wanasaikolojia wanasimamiwa na bodi iliyoundwa kwa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Madaktari wanasimamiwa na KMPDC, ambayo orodha yake unaweza kuitafuta mtandaoni. Uliza nambari ya usajili na uombe kuona leseni ya mwaka huu. Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa swali hilo. Anayeudhika amekujibu.

Kuhusu maombi: familia nyingi hupata nguvu kwenye imani, na mchungaji au imamu mwema humtuma mzazi hospitali huku akiendelea kumwombea mtoto. Lakini mtu yeyote anayetaka mtoto afunge kula, apigwe au afungwe kamba ili pepo litoke, mwondoe mtoto hapo mara moja.

Hatua ya tano: mahali pa kugonga mlango

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, hasa kama unatumia SHA, bima ya afya ya serikali, kwa sababu utahitaji barua ya rufaa ili uonwe katika hospitali kubwa. Mama Lucy Kibaki kwa watu wa Eastlands, na Mbagathi kwa wa upande wa Kibera na Lang'ata, ni hatua inayofuata. Kenyatta ina idara ya afya ya akili inayoona watoto na vijana.

Mathari, kando ya Thika Road, ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili, na ina kliniki ya watoto na vijana. Najua jina hilo linawatisha watu. Ilianza 1910, wakati wa mkoloni, kama nyumba ya kufungia wagonjwa wa akili, na hadi leo watoto hutaniana uwanjani kwa kutajiana Mathari. Lakini hapo ndipo penye madaktari wa akili wengi wa umma kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipa. Kuna watoto wanaoingia na kutoka kwa kliniki siku moja, mama akiwa na kadi mkononi, kama kliniki nyingine yoyote. Usimkoseshe mtoto tiba kwa sababu ya utani wa watu.

Kwa sekta binafsi, Gertrude's ya Muthaiga ina kituo cha ukuaji wa watoto, na Aga Khan ya Parklands ina wataalamu wa fani kadhaa mahali pamoja. Amani Counselling Centre, Mbagathi Way, imekuwa ikitoa ushauri na kufunza washauri kwa miongo kadhaa. Vyuo vinavyofunza washauri pia vinafaa kuulizwa, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa mwisho, chini ya msimamizi, mara nyingi hutoza kidogo.

Ukipiga simu, usiseme tu "nataka tiba". Sema: "Nina mvulana wa miaka 7, anarusha vitu na kupiga wenzake, miezi minane sasa, nyumbani na shuleni. Je, mnafanya mafunzo ya wazazi? Mtaalamu ameshughulikia watoto wa umri huu? Kikao ni pesa ngapi, na ni cha dakika ngapi? Kwa kawaida huwa vikao vingapi?" Ukiambiwa mtoto aletwe peke yake na wewe huhitajiki, piga kwingine.

Kikao cha kwanza

Mara nyingi ni maswali tu. Ujauzito ulikuwaje, alitembea lini, alisema lini, kuna aliye na hali kama hii katika ukoo, nani analala na mtoto, nani anamwadhibu na vipi. Jibu kweli, hata swali la kuchapa. Beba daftari, kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti za shule na majina ya dawa anazotumia. Kama mnaweza, nendeni wazazi wote wawili. Kama unalea peke yako, nenda na anayekaa na mtoto mchana, awe dada wa kazi au shosho.

Usimtishe mtoto kwa tiba. "Nitakupeleka kwa daktari wa wenda wazimu" ni sentensi itakayofunga mdomo wake kwa miezi. Mwambie: "Tunaenda kumwona mtu anayesaidia familia zenye ugomvi mwingi nyumbani. Hakuna sindano." Siri zake zitalindwa, isipokuwa kama yuko hatarini; mwombe mtaalamu awaeleze hilo nyote wawili waziwazi.

Usidai jina la ugonjwa siku hiyo. Anayetaja ADHD ndani ya dakika ishirini bila kuuliza shule lolote amefanya haraka.

Tiba zenyewe, na kazi ya nyumbani

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi takriban 10 mwenye ukaidi, hasira na kupiga, tiba iliyo na ushahidi mkubwa zaidi ni mafunzo ya wazazi. Kuna aina iliyoanzishwa na Sheila Eyberg, Marekani, miaka ya 1970, ambapo mzazi anacheza na mtoto huku mtaalamu, nyuma ya kioo, akimnong'oneza sikioni la kusema. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, pamoja na vyuo vikuu, walitengeneza mafunzo mengine kwa ajili ya familia za kipato cha chini, yanayoitwa Parenting for Lifelong Health, na vitabu vyake hupatikana bure. Majina ni mengi, lakini ukiyachambua utakuta mambo yale yale.

La kwanza ni mchezo wa dakika chache kila siku, tano au kumi, ambapo mtoto ndiye kiongozi. Simu iko mbali. Huulizi, huamuru, husahihishi. Anajenga nyumba ya vifuniko vya soda, wewe unasema, "Umeweka chekundu juu ya cha kijani." Wazazi huona jambo hili ni la kipuuzi na kuruka moja kwa moja kwenye adhabu. Msiruke. Sifa na adhabu za mzazi zina uzito pale tu mtoto anapothamini kuwa naye.

La pili ni sifa inayotaja kitu. "Vizuri" ni nusu ya kazi. "Umeweka viatu mahali pake bila kuambiwa, asante" ni kazi kamili, na isemwe pale pale.

La tatu ni agizo. Mwendee, mwangalie, sema jambo moja, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza na uhesabu hadi tano kimoyomoyo. Usiulize "unaweza kuoga sasa?" kama jibu la hapana halikubaliki. Akitii, msifu. Asipotii, onyo moja lenye matokeo unayoweza kuyatimiza: "Usipozima TV sasa, kesho hakuna katuni." Kesho yake, timiza. Usitishe kumpeleka Kabete kwenye shule ya kurekebisha tabia. Unajua huwezi, maana watoto huko hupelekwa kwa amri ya mahakama, na mtoto naye atajua.

La nne ni kupuuza makelele madogo ya kutafuta kuangaliwa, kama kulialia na kununa. Hapa wengi hushindwa, kwa sababu hawakuonywa: ukianza kupuuza, kelele zitazidi kwanza. Mtoto aliyezoea kupata kwa kulia dakika tano atajaribu kumi, halafu kumi na tano. Ukikubali ya kumi na tano, umemfundisha kwamba bei ni kumi na tano. Katika ploti ambayo kuta ni za mabati na jirani anasikia kila kitu, ongea na majirani mapema. "Tunamfundisha mtoto, mtasikia kilio wiki hii, hapigwi." Ni aibu ya dakika mbili.

Kumtenga kwa muda mfupi pia hufaa kwa kupiga na kuuma, takriban dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Mnaoishi chumba kimoja, hamhitaji chumba cha pili. Kiti kimoja kando ya ukuta, hakuna maongezi, kisha maisha yanaendelea bila hotuba. Kumfungia nje gizani au bafuni ni ukatili, na hakusaidii.

Yote haya huporomoka mtu mmoja nyumbani akivunja mstari. Baba akikataa na shosho akitoa soda, mtoto atamfuata shosho. Keti na wakubwa wote, akiwemo dada wa kazi, mkubaliane kanuni tatu tu.

Mtoto mkubwa kidogo, wa kuanzia miaka 7 au 8, anaweza kuongezewa tiba ya fikra na tabia: anajifunza kutambua hasira ikianza mwilini, kuchunguza wazo lililoileta, na kujaribu jibu jingine. Tiba ya michezo hutumika kwa wadogo waliopitia mambo mazito ambayo hawawezi kuyasimulia.

Vijana

Kijana wa miaka 15 hawezi kuburutwa. Mpe nafasi ya kuchagua: mwanamume au mwanamke, ana kwa ana au kwa simu, Jumamosi au jioni. Akikataa kabisa, nenda wewe; mzazi akibadilisha namna anavyojibu, nyumba huanza kubadilika. Tiba ya familia hufaa zaidi umri huu. Kwa huzuni na wasiwasi, ambavyo kwa vijana mara nyingi huvaa sura ya hasira, shirika la Shamiri hufanya vikao vya vikundi shuleni vikiongozwa na vijana waliofunzwa, na majaribio ya mpango huo hapa Kenya yalichapishwa 2021. Kama kuna bangi, pombe au vidonge, laini ya NACADA ni 1192, bure.

Dawa

Hakuna dawa ya ukaidi. Kuna dawa ya ADHD, kama methylphenidate, inayowasaidia watoto wengi sana, na inayoweza kupunguza hamu ya kula na kuvuruga usingizi. Kwa hiyo uzito wa mtoto hufuatiliwa. Kwa walio chini ya miaka 6, mafunzo ya wazazi hutangulia. Uliza dawa inalenga dalili gani, tutajuaje inafanya kazi, na itapitiwa upya lini. Usiisimamishe ghafla bila daktari, na usimpe mtoto tembe za jirani.

Pesa

Katika kliniki binafsi utakuta wanaotoza 2,000 kwa kikao na wanaotoza 5,000 au zaidi. Hospitali za umma ni nafuu mno, ila foleni ni ndefu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Jiandikishe kwa *147# na uhakikishe mtoto ameongezwa kama mtegemezi kabla ya kuumwa na chochote. Mwenye bima ya kazini aulize mapema kama ushauri umo, vikao vingapi, na kama idhini inahitajika kwanza. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inakataza bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kwa hiyo ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Pesa zikiwa chache, mwambie mtaalamu ukweli: "Naweza kulipa vikao vinne. Tuvipangeje?" Vinne vilivyopangwa, vikiwa na mazoezi ya nyumbani katikati, vina faida kuliko kumi vya kupiga stori.

Utajuaje inafanya kazi

Rudi kwenye daftari. Wiki ya kwanza alirusha vitu mara ngapi, na wiki ya sita je? Usipime kwa siku mbaya moja, wala kwa wiki ya mitihani. Kama baada ya vikao vitano au sita hakuna lengo lililoandikwa, hakuna zoezi ulilopewa na hakuna kilichosogea, muulize mtaalamu waziwazi. Akishindwa kueleza, omba nakala ya ripoti na utafute mwingine. Ripoti ni habari za mwanao na una haki ya kuziona.

Vikao vikikaribia kuisha, mwombe mtaalamu akuandikie ukurasa mmoja wa yaliyosaidia, kwa lugha ambayo shosho na mwalimu wa darasa wataisoma. Kisha weka kabisa tarehe ya kikao kimoja cha kufuatilia miezi mitatu mbele, na kingine mtoto anapobadilisha shule au kuingia Gredi ya 7, kwa sababu tabia za zamani hupenda kurudi nyakati hizo, na ni rahisi kuzizima zikiwa na wiki mbili kuliko zikiwa na mwaka.